Mlango Uliosema Kumi na Tisa

Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili iliharibika wiki ileile mkurugenzi wa hospitali alipoletewa gari jipya, na tangu hapo ni gari tu lililokuwa likifanya kazi. Mashine waliifunika shuka la wodini kama maiti asiye na ndugu, na kwenye mlango wa chumba chake wakabandika karatasi: TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU. Karatasi yenyewe ilikuwa imeshageuka njano.

"Kwa hiyo picha hakuna," alisema daktari wa saratani, binti mdogo mwenye macho ya mtu aliyesahau usingizi. "Na faili lako, mama, limelowa. Kurasa zimegandana."

"Limelowa na nini?" aliuliza mgonjwa.

"Mvua. Paa la chumba cha mafaili linavuja."

"Basi na hilo paa lilazwe. Mbona linaumwa kuliko mimi?"

Mgonjwa alikuwa mshonaji wa nguo, mwanamke mwembamba mwenye uvimbe chini ya taya la kushoto, na ulimi ambao dripu zote zile hazikuweza kuupunguza makali. Alikuwa na limfoma, saratani ya tezi, tena ile aina kali isiyomngoja mtu avae viatu. Dawa ya kwanza ilimpa miezi minne ya nafuu, kisha ugonjwa ukarudi kama mpangaji aliyesahau ndoo yake. Dawa ya pili uvimbe uliinywa ukanawiri.

Kando yake alikaa mumewe, seremala. Mtaani walimwita Milimita, kwa sababu hajawahi kusema "kama shubiri moja" tangu azaliwe. Ukimwambia sogea kidogo, anakuuliza kiasi gani.

"Kuna dawa ya tatu," daktari aliendelea. "Ililetwa ya wagonjwa watatu tu. Imebaki ya mtu mmoja. Mwisho wa mwezi inarudishwa bohari kuu. Kamati inakaa Alhamisi hii."

"Basi tuandike sisi," alisema Milimita.

"Kamati inataka ushahidi kwamba dawa ya pili imeshindwa. Vipimo vitatu vya uvimbe, vya tarehe tofauti, vilivyoandikwa siku hiyohiyo vilipochukuliwa."

"Si unauona kwa macho? Huu hapa. Haujajificha."

"Mimi nauona, mzee. Kamati haioni kitu mpaka iandikiwe. Watasema labda zamani ulikuwa mkubwa zaidi na sasa unapungua."

Mshonaji akapiga kofi pajani. "Vipimo vipo! Mume wangu ananipima kila Ijumaa tangu dripu ya kwanza ya hiyo dawa ya pili. Wiki kumi na moja. Ameandika nyuma ya mlango wa chumbani kwetu, na tarehe zake."

Daktari nusura asimame. "Anapima kwa kitu gani?"

"Kile chuma chake cha kupimia unene wa mbao. Hakikosei hata unywele. Si huyu hapa, muulize."

Milimita alikuwa anaangalia dari.

"Hakikosei," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemeza msumari.

Chuma hakikukosea kweli. Ijumaa ya kwanza kilisema milimita thelathini na moja, akaandika 31. Ijumaa ya pili kilisema thelathini na tatu. Mkewe akauliza kwa sauti ndogo, "Ngapi?" na yeye, ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata kwa unene wa karatasi, akajibu, "Thelathini." Akaandika 30. Mkewe akatabasamu, na siku ile akamaliza sahani. Tangu hapo uvimbe ukipanda, penseli inashuka. Ijumaa iliyopita shingo ilikuwa na arobaini na saba, mlango ulikuwa na kumi na tisa. Kwa tabasamu lile angeandika hata sifuri.

*

Nyumbani walimkuta dada mkubwa wa mshonaji, ambaye watu walimwita Redio, kwa sababu huanza asubuhi na taarifa na hana kitufe cha kuzimia. Alipoelezwa habari ya mlango aliushangilia kana kwamba ameuzaa yeye.

"Shemeji, miaka yote nakudharau kwa hayo mapenseli yako, kumbe ulikuwa unatunza uhai wa mdogo wangu! Nipe simu nipige picha tumtumie daktari."

Akapiga picha. Akazituma. Saa moja baadaye daktari akapiga simu, na Milimita akawasha spika ili wote wasikie.

"Mwenyekiti wa kamati amekataa," alisema daktari. "Mwenyekiti ni mkurugenzi mwenyewe. Picha zenu zina giza, namba sijaweza kuzisoma, na yeye hata hakuzitazama. Anasema kanuni ya tisa inataka kielelezo cha asili. Nakala hazipokelewi."

"Kielelezo cha asili ni mlango," alisema Milimita.

"Ndiyo."

"Daktari, mlango ule ni mninga. Una kilo thelathini na moja."

"Nilimwambia ni mzito. Akaniuliza kama mume wa mgonjwa ni seremala au ni mwandishi wa barua za mapenzi."

Wakubwa ndivyo walivyo. Mashine yao ikifa ni usumbufu. Karatasi yako ikikosa mhuri ni kosa.

Jumatano mchana mshonaji aliamka kutoka kwenye kijiusingizi akamkuta mumewe amesimama mbele ya mlango na randa mkononi.

"Unataka kufanya nini na hiyo randa?"

"Mlango unabana. Nataka kuupunguza kidogo kabla hatujauchukua. Usitutie aibu."

"Miaka saba haujabana, leo ndiyo ubane?"

"Mbao hupumua, mke wangu."

"Basi uache upumue. Weka randa chini."

Akaiweka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasugua magoti yake, akakohoa mara mbili.

"Mke wangu, kuna jambo nataka kukwambia."

"Sema."

Alimtazama. Kilemba kilikuwa kimesogea, na kichwa kisicho na nywele kiling'aa kama cha mtoto aliyetoka kuogeshwa. Macho yalikuwa yakimngoja bila haraka. Milimita akafungua mdomo.

"Bisibisi umeiweka wapi?"

"Juu ya cherehani," alisema mkewe. "Pale ulipoiacha."

*

Alhamisi asubuhi waliusafirisha mlango kwa mkokoteni. Mshonaji, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena mbali, alikaa juu ya mlango na mkoba wake mapajani. Milimita alivuta. Redio alisukuma kwa mdomo.

"Pisheni! Ushahidi unapita! Wewe mwenye baiskeli, huoni kielelezo?"

Getini mlinzi akawanyooshea mkono.

"Vifaa vya ujenzi geti la nyuma."

"Hiki si kifaa cha ujenzi," alisema Milimita. "Ni faili la mgonjwa."

Mlinzi akauzunguka mkokoteni. "Faili lina kitasa?"

"Ndugu yangu, geuza uone. Kuna tarehe na vipimo."

"Mzee, mimi nina kanuni. Mgonjwa geti la mbele, mlango geti la nyuma."

"Na mimi mwenye mdomo nipite geti gani?" aliuliza Redio.

"Wewe, mama, ungebaki nyumbani."

Ikabidi waachane. Redio akamshika mdogo wake mkono wakaingilia mbele. Milimita akauzungusha mkokoteni ukuta mzima wa hospitali, mita mia nne na kumi, huku jasho likimwingia machoni. Geti la nyuma alipokewa kwa shangwe. Fundi wa hospitali, mzee mwenye funguo nyingi na kazi chache, alikuja mbio huku amenyoosha mikono.

"Hatimaye! Miaka miwili naandika barua! Miaka miwili! Wanawake wanaingia chooni wawiliwawili, mmoja anajisaidia, mwingine anashika kanga!" Akatoa utepe, akapima. "Umezidi sentimita mbili. Si neno, tutaukata."

"Ukiukata huo unamkata mke wangu!"

"Ala! Mke wako amepakwa vanishi?"

Ilichukua robo saa kumwelewesha, na hata baada ya kuelewa alimsindikiza Milimita mpaka mlango wa chumba cha kamati, akiuangalia ule ubao jinsi mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya mwenzake.

*

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye feni mbili, zote nzima. Mkurugenzi alikuwa katikati. Kulia kwake Muuguzi Mkuu, mwanamke mpana, aliyevaa sare nyeupe iliyonyooka kama agizo. Kushoto alikaa daktari na faili lililogandana.

Mlango ukaegemezwa ukutani. Mkurugenzi akavaa miwani, akausogelea, akasoma kwa sauti.

"Thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na nane. Ishirini na saba." Aliendelea kushuka kama mtu anayeshuka ngazi. "Ishirini. Kumi na tisa." Akavua miwani. "Hongereni sana. Dawa ya pili inafanya kazi vizuri. Mgonjwa aendelee nayo. Anayefuata!"

"Mheshimiwa," alisema daktari, "hebu mpime mgonjwa mwenyewe."

Rula ikaletwa. Daktari akapima mbele ya wote. "Arobaini na saba."

Mkurugenzi akauangalia mlango, akaiangalia shingo, akarudi kwenye mlango.

"Basi mlango ni mwongo," alisema. "Sasa sikilizeni. Kama mlango unasema kweli, dawa ya pili inafaa, hapewi ya tatu. Kama mlango ni mwongo, hakuna ushahidi, hapewi ya tatu. Kanuni iko wazi pande zote mbili. Utoeni nje."

Fundi wa hospitali, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati lakini hakuwa ameondoka, aliutoa nje kwa wepesi ambao hakuna aliyewahi kumwona nao.

Milimita akasimama. Alikuwa mrefu, ila siku ile alionekana amekatwa kipande.

"Mheshimiwa, mlango haujasema uongo. Mbao haina mdomo. Nimesema mimi." Akamgeukia mkewe, na mkurugenzi akawa amesahauliwa. "Mke wangu, kila Ijumaa nilikudanganya. Ya kwanza tu ndiyo ya kweli. Nilitaka kukwambia jana nikaomba bisibisi. Na sasa nimekukosesha dawa kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuua."

"Sijafa bado, usinizike na feni zinazunguka," alisema mshonaji. "Na usijipe sifa. Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba unanidanganya. We mwanaume, nimekaa miaka ishirini na tatu na utepe shingoni. Shingo za mtaa mzima nazijua, yangu ndiyo nisiijue?"

Akafungua mkoba akatoa daftari refu lenye jalada la kijani lililochakaa: daftari lake la vipimo vya wateja. Akalifungua.

"Ukishatoka kwenda karakana, nachukua utepe. Hapa. 'Mteja wa Ijumaa. Shingo: inchi kumi na tatu.' Wiki ya pili, 'kumi na tatu na robo.' Wiki ya nne, 'kumi na tatu na nusu.' Juzi Ijumaa, 'kumi na tano.' Gauni langu la bluu nimeligeuza kola mara tatu."

Milimita alipokea daftari kama mtu aliyepewa mtoto asiyemtarajia. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na raha sana ukinitajia. 'Kumi na tisa!' kama umeshinda bahati nasibu. Ningekukatiza vipi? Kwa daktari niliutaja mlango ili useme mwenyewe, ukaomba bisibisi."

"Mimi nilikuwa na raha kwa sababu wewe unatabasamu!"

"Na mimi nilikuwa natabasamu kwa sababu wewe una raha!"

"Sahani ulikuwa unaimaliza!"

"Nilikuwa nakula kwa ajili yako, na nikirudi nyuma ya nyumba natapika!"

"Jamani," alisema Redio kutoka mlangoni, "watu wawili wameamua kufa kwa adabu."

Mkurugenzi akagonga meza. "Hapa si nyumbani kwenu. Na daftari hilo silipokei. Kitu kama hicho mtu anaweza kukaa akakiandika jana."

"Siwezi, mheshimiwa," alisema mshonaji. "Wateja wanafuatana kwa tarehe, na kila mmoja anaweka sahihi akichukua nguo. Mteja wa Ijumaa yuko katikati yao. Hakuna mahali pa kumchomeka. Na mimi ndiye ninayeshona sare za wauguzi wako."

Mkurugenzi akalichukua, akalamba kidole, akafunua. "Hebu tuone. Hapa kuna mtu, siku moja kabla ya huyo wa Ijumaa. 'Muuguzi Mkuu. Sare nyeupe mbili. Kifua, arobaini na sita. Nyonga, ha—'"

"Hapo pasisomwe!" Muuguzi Mkuu alikuwa tayari amesimama.

"Nahakiki tu."

"Nitahakiki mimi." Akalinyakua daftari akaliweka mbele ya kifua chake, akalisoma kwa pembe ya jicho, ukurasa baada ya ukurasa. Uso ulimbadilika mara kadhaa. "Tarehe ni yenyewe. Nilikwenda siku hiyo mchana, sikuwa zamu. Sahihi ni yangu. Hawa wengine wanane ni wauguzi wangu, na sahihi zao nazijua, tunasaini pamoja kila asubuhi."

"Kwa hiyo unathibitisha kwamba namba ni sahihi?"

Muuguzi Mkuu akashusha pumzi ndefu.

"Mheshimiwa, namba zote za humu ni za kweli. Kwa bahati mbaya."

Daktari aliinama akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Redio hakujifanya kitu. Alicheka mpaka akashika fremu.

Mkurugenzi bado alikuwa na kanuni moja mkononi. "Lakini hiki ni kipimo cha shingo nzima. Kamati inataka cha uvimbe."

"Kanuni ya tisa," alisema daktari, na safari hii aliisoma kwenye kitabu, akiweka kidole chini ya kila neno kama anamfundisha mtoto, "'kipimo cha uvimbe, au cha sehemu ya mwili iliyovimba.' Kielelezo ni cha asili. Tarehe si tatu, ni kumi na moja. Shahidi ni mjumbe wa kamati. Dawa iko kwenye friji, na mwezi umebakiza siku sita."

Mkurugenzi aliangalia huku na huku kutafuta mahali pa kukataa. Hakukuwa na mahali. Akagonga mhuri kwa nguvu, kama aliyemkosea ni karatasi.

Walipotoka, ukumbini ulisikika msumeno, kisha nyundo. Mlango ulikuwa umeshakatwa sentimita mbili na kufungwa kwenye choo cha wanawake. Milimita akakunja mikono ya shati.

"Naurudisha. Mlango wa chumbani kwangu hauwezi kukaa chooni!"

Lakini mkewe alikuwa ameshatangulia. Aliingia, kitasa kikalia *tak*, akakaa huko muda wake, akatoka anakausha mikono kwenye kanga.

"Uache," alisema. "Tangu nianze kuumwa, leo ndiyo mara ya kwanza nimekojoa hospitali hii bila kuimba ili watu wajue kuna mtu."

Katika taarifa ya mwaka iliandikwa kwamba kamati ilitoa uamuzi wa haraka, na kwamba hospitali ilijipatia mlango kwa juhudi za ndani za uongozi.

*

Dawa ya tatu aliianza Jumatatu, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Daktari hakuahidi kitu. Alivuta kigoda, akamwambia kwamba kwa ugonjwa uliokataa dawa mbili, wengine huitika na wengine hawaitiki, na hata katika wanaoitika wapo ambao ugonjwa huwarudia.

"Umesema kweli yote?" aliuliza mshonaji.

"Yote."

"Ahsante. Kwangu ilikuwa imeadimika."

Akamwita mumewe karibu. "Na wewe sikiliza. Ijumaa utapima. Ukiniongopea hata nusu milimita, nitaolewa na yule fundi wa vyoo."

Ijumaa ya kwanza Milimita alileta chuma chake kimefungwa kwenye kitambaa safi. Akapima. Akasoma mstari.

"Ngapi?"

"Arobaini na nane."

Lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kuyatoa kinywani. Mkewe alitikisa kichwa taratibu, kama mteja aliyeambiwa bei halali. "Haya," alisema. Akaomba maji. Ijumaa ya pili akamwambia tena arobaini na nane, na mshonaji akasema angalau uvimbe umechoka kutembea.

Ijumaa ya tatu alipima, akaufungua ule mdomo wa chuma, akaufunga, akapima tena. Akakifuta kwa shati. Akapima mara ya tatu.

"Ngapi?"

Akakinyanyua chuma kwenye mwanga wa dirisha.

"We! Ngapi?"

"Arobaini na moja."

Mshonaji akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na hayakuwa ya furaha.

"Tulikubaliana," alisema. "Mbele ya daktari tulikubaliana. Nimekukosea nini mpaka uanze tena?"

"Arobaini na moja, nakuapia!"

"Unaapa nini wewe? Wewe wa kumi na tisa?"

"Angalia mwenyewe hapa, mstari huu—"

"Sisomi vyuma vyako! Dada! Dada, njoo na utepe wangu."

Redio akaja na utepe, akauzungusha shingoni kwa mdogo wake, akaubana, akasoma. Akausoma tena. Halafu kikatokea kitu ambacho wodi ile haikuwa imekishuhudia tangu alipoanza kuja: hakusema neno. Alimpa mdogo wake ncha ya utepe aione mwenyewe, akaenda kusimama dirishani.

Mshonaji aliuangalia. Akaufungua, akauzungusha upya kwa vidole vyake mwenyewe, bila kubana wala kulegeza, kama anavyompima mteja anayelipa. Kidole gumba kilitua. Kumi na nne na robo. Akabaki amekishikilia pale, muda mrefu, kama vile akikiachia namba itakimbia.

Kisha akageuka kumtafuta mumewe. Milimita alikuwa ameelekea ukutani, anauchunguza ukuta wa hospitali kana kwamba unahitaji kupigwa randa, na mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Unalia?" aliuliza mkewe.

"Silii."

"Mwongo wewe," alisema mshonaji, na akamsogezea nafasi kitandani.